Nimehama Ohio kuja Michigan, gari lile lile, bima imepanda zaidi ya mara mbili. Wanaojua sheria za majimbo njooni

#1 Mnyalu614
Wakuu kwema. Niende moja kwa moja. Nimeishi Columbus, Ohio miaka kadhaa, nina Camry ya 2017, sijawahi kugonga wala kugongwa, tiketi ya polisi sina. Bima kubwa nilikuwa nalipa $118 kwa mwezi. Sasa kazi imenileta Grand Rapids, Michigan, nikampigia ajenti kumwambia nimebadilisha anuani tu, akaniambia subiri kidogo, aliporudi kwenye simu ni $267. Gari lile lile, dereva yule yule, kampuni ile ile! Namuuliza kosa langu nini, ananiambia huna kosa kaka, ni jimbo. Jimbo linahusikaje? Bongo ukikata bima Mbeya unaendesha mpaka Mwanza na TIRA, msimamizi wa bima, ni hiyo hiyo moja. Swali la pili, nikikaa kimya bima ya Ohio ikaendelea kuna ubaya gani, si bado niko Marekani hii hii?

#2 Dereva wa Usiku
Pole mkuu. Ndiyo umefika Michigan sasa. Subiri wajuzi waamke.

#3 MsomaMkataba
Mnyalu, bima hapa haisimamiwi na Washington. Kuna sheria ya 1945 inaitwa McCarran-Ferguson, ndiyo iliyoacha usimamizi wa bima kwa majimbo, kwa hiyo chukulia kila jimbo lina TIRA yake, na hazilingani hata kidogo.

Ohio ni jimbo la aliyegonga ndiye anayelipa. Mtu akikugonga, bima yake inakutibu wewe. Michigan tangu 1973 wana mfumo wa no-fault, kila mtu anatibiwa na bima yake mwenyewe bila kuuliza nani kamgonga nani. Hiyo sehemu ya matibabu wanaiita PIP. Na Michigan walienda mbali kuliko majimbo yote, mpaka katikati ya 2020 kila mwenye gari alilazimika kununua PIP isiyo na kikomo, ukivunjika uti wa mgongo leo bima inakuhudumia hadi unaingia kaburini. Sheria ikabadilishwa 2019, kuanzia Julai 2020 unachagua mwenyewe: bila kikomo, $500,000, $250,000, au $50,000 kama uko kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na nyumbani kwako wote wana bima inayokubalika. Wazee wenye Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, wanaweza kuikataa kabisa.

Sasa chukua ukurasa wa kwanza wa mkataba uliotumiwa, tafuta mstari wa PIP, uje utuambie umeandikwa nini. Bila hivyo tutabahatisha tu.

#4 Papa Uvira
Bandugu jambo. Mimi niko hapa Grand Rapids siku mingi. Munapoongea hii asiransi ya Michigan ni ghali, ni kweli, lakini ngoja niwaambie kitu. Mdogo wangu aligongwa 2018 kwenye barabara ya 28th Street, motokari ilimukuta ubavuni kwake. Mpaka leo hatembei. Kiti chake, kitanda chake kile cha umeme, mulango wa choo walikuja kuupanua, njia ya mbao mbele ya nyumba, muuguzi anakuja asubuhi kumuogesha na kumugeuza, yote ni ile PIP inalipa. Hakuna kazi ningefanya ingelipa ile pesa. Kwa hiyo ajenti akikwambia chukua ile kidogo upunguze bei, fikiri mara mbili ndugu.

#5 LowellMkenya
Wasee mnazunguka tu. Hii ni mambo ya credit, ile rekodi yako ya kukopa na kulipa madeni. Huku Massachusetts ni marufuku kampuni kuangalia credit yako kwa bima ya gari, California na Hawaii pia hivyo hivyo. Kwingine kote wanachungulia. Mnyalu ukihama ulifungua akaunti mpya, ukachukua kadi ya fanicha ama mkopo, score ikashuka, wakakupiga na hiyo. Mimi nilipokuwa Georgia nililipa pesa mob, nikaja Lowell bei ikashuka na gari ni ile ile.

#6 MsomaMkataba
Lowell, kuhusu Massachusetts, California na Hawaii uko sahihi kabisa. Ila Michigan nayo ile sheria ya 2019 iliwakataza kutumia credit score kupanga bei, pamoja na jinsia, kama umeoa au hujaoa, kama una nyumba au umepanga, elimu na kazi unayofanya. Kwa hiyo kwa Michigan maelezo yako hayatoshi.

#7 Binti_Pangani
@MsomaMkataba umesoma nusu kaka. Walikataza ile namba ya score yenyewe, ila taarifa zilizomo ndani ya ripoti yako ya credit, kama unalipa madeni kwa wakati au la, bado zinaingia kwenye alama za bima wanazotengeneza wenyewe. Ni mlango ule ule wamebadilisha rangi. Na zipu kodi, namba ya posta ya mtaa wako, vile vile, sheria imekataza kutumia zipu kodi peke yake, lakini "eneo" wanaruhusiwa. Nimekaa Detroit, nikahamia Ann Arbor, mwendo wa chini ya saa moja, bei ilikatika karibu nusu. Sasa niambieni hapo jimbo ni lipi, maana yote ni Michigan.

#8 Dereva wa Usiku
Detroit madereva wengi hawana bima, wenye bima ndio wanaowabeba. Hilo ndilo jibu, mengine ni maneno ya ofisini.

#9 Binti_Pangani
Na kwa nini hawana bima? Kwa sababu ni ghali. Na kwa nini ni ghali? Umesema kwa sababu hawana bima. Tunazunguka mbuyu.

#10 Mnyalu614
Asanteni sana. Nimefungua karatasi. PIP: unlimited. Kuumiza watu: 250/500. Kuna kitu kinaitwa property protection milioni moja. Kugongana, wameandika broad, didaktibo (ninayotoa mwenyewe kabla bima haijalipa) $500. Kisha nimefukua ile ya zamani ya Ohio: 25/50/25, PIP haipo kabisa. Aisee, hivi vitu viwili havifanani hata sura.

#11 MsomaMkataba
Umeona sasa. Kwa wanaosoma bila kuelewa hizo namba: 25/50/25 ya Ohio maana yake bima yako italipa mpaka $25,000 kwa mtu mmoja utakayemuumiza, $50,000 kwa wote kwenye ajali moja, na $25,000 kwa mali utakayoharibu. Hapo wewe mwenyewe mgonjwa hujatajwa popote.

Michigan 250/500 ndiyo wanayokupa usipochagua, unaweza kusaini ushuke mpaka 50/100. Mimi nisingeshuka, maana siku hizi mtu aliyechagua PIP ndogo ikamwishia anakudai wewe uliyemgonga matibabu yanayozidi. Ile milioni moja ni ya kuharibu mali ya mtu ndani ya Michigan, ukuta, uzio, duka, hata gari lililopaki vizuri. Ila gari linalotembea hapana, hilo kila mmoja anatengenezewa na bima yake, na mwenye kosa unaweza kumdai mpaka $3,000 tu, wanaita mini-tort. Ndiyo maana mtu mwenye thadi pati peke yake Michigan akigongwa taa ya kijani gari likafa, anabaki na hizo $3,000 na machozi.

Na hiyo broad usiiguse, ndiyo nzuri. Kama kosa lako halizidi nusu hulipi didaktibo.

#12 nesi_wa_Brooklyn_Park
Habari zenu. Jamani msimdanganye kaka kwamba kushusha PIP ni kusaini tu. Kabla hujashuka piga simu bima ya afya ya kazini kwako, uliza kama inalipa majeraha ya ajali ya gari, wakupe barua. Nyingine zina kipengele kinasema ajali ya gari haituhusu. Nawaona wodini, mtu ana bima mbili na kila moja inamsukumia mwenzake.

Huku Minnesota nako ni no-fault ila ya wastani, $20,000 ya matibabu na $20,000 ya mshahara uliopotea na mengineyo. Ukivunjika vibaya $20,000 inaisha kabla hujatoka hospitali. Kwa hiyo Papa Uvira namuunga mkono, na pole sana kwa mdogo wako.

#13 Papa Uvira
Asante dada. Niongeze kitu hawajasema. Ile sheria mpya ilipunguza malipo ya wauguzi kuanzia Julai 2021, na watu wa familia wanaomutunza mugonjwa wakawekewa masaa 56 kwa wiki. Kampuni iliyokuwa inatuletea muuguzi ilifunga. Mama yetu njo alikuwa anamubeba. Mpaka Julai 2023 mahakama ya juu ya Michigan ikasema wale walioumia mbele ya ile sheria ya Juni 2019 haiwahusu. Tukapumua. Ila anayeumia leo yuko ndani ya sheria mpya, hata kama alinunua ile isiyo na mwisho. Hapo bei ilishuka kidogo kwa wenye motokari, lakini nani aliilipa? Na wale waliofurahia ile cheki ya $400 wenye motokari wa Michigan walirudishiwa 2022, wengi hawakujua ilitoka kwenye mfuko wa watu kama mdogo wangu.

#14 LowellMkenya
Aki pole Papa. Hiyo sikuwa najua.

#15 kijana_wa_Sacramento
Swali la pili la Mnyalu mmelipita. Kuacha bima ya jimbo la zamani.

#16 nesi_wa_Brooklyn_Park
Asithubutu! Kazini kwetu kuna kaka alihamia hapa kutoka Iowa, akaacha bima kwenye anuani ya binamu yake maana ilikuwa rahisi. Alipogonga, kampuni ikauliza swali moja tu, gari linalala wapi? Wakaomba mkataba wa nyumba aliyopanga, wakaomba hati za mshahara. Wakafuta bima tangu mwanzo kwa kusema alitoa taarifa za uongo. Aliyegongwa alikuwa na mwanasheria. Huyo kaka mshahara wake unakatwa mpaka leo.

#17 MsomaMkataba
Tofautisheni kupita na kuhamia. Ukisafiri, bima yako inajinyoosha yenyewe ifikie kima cha chini cha jimbo unalopita, karibu mikataba yote ina kipengele hicho, ni kama mtu anayetoka Nairobi kwenda Kampala na kadi ya njano ya COMESA. Ila ukihamia, jimbo linakutaka uwe na bima yake na namba zake. Texas na Ohio wanakupa siku 30, California 20, Florida ukishapata kazi ni siku 10. Michigan nao hata kwa gari la mgeni, likizidi siku 30 ndani ya mwaka ni lazima liwe na bima ya no-fault. Na sheria ya 2019 imesema mkazi wa jimbo lingine hapati PIP ya Michigan kama hana gari lenye usajili na bima ya Michigan. Usiguse moto huo.

#18 Mzee Kibao
Mbona mnahangaika. Kuna majimbo bima si lazima. New Hampshire na Virginia. Virginia unalipa $500 kwa mwaka unaendesha bila bima kihalali.

#19 Binti_Pangani
Mzee shikamoo, ila habari yako imechacha. Virginia walifuta ile ya $500 kuanzia Julai 1, 2024, sasa bima ni lazima, na tangu Januari 2025 kima cha chini ni 50/100/25. New Hampshire ni kweli hawalazimishi, lakini ukimgonga mtu wanataka uonyeshe uwezo wa kumlipa, ukishindwa leseni na usajili vinasimamishwa. Na hata hiyo $500 ya Virginia haikuwa bima. Ulikuwa unalipa ruhusa ya kubaki mtupu.

#20 Mzee Kibao
Marahaba mwanangu. Basi nimebaki na New Hampshire.

#21 Dereva wa Usiku
Na baridi yake 😂

#22 Binti_Pangani
Tukiwa kwenye hiyo hiyo Virginia, kuna kitu kinaniuma kuliko bei. Virginia, Maryland, North Carolina, Alabama na Washington DC wana sheria ya zamani sana, ukikutwa na kosa hata dogo kwenye ajali bima ya mwenzako inaweza kukunyima yote. Dada yake mume wangu yuko Charlotte. Mtu alikata kona kushoto mbele yake bila kumpisha. Yeye alikuwa amezidisha mwendo kidogo. Kampuni ya yule mtu ikaandika barua ya aya mbili: na wewe ulichangia, hatulipi. Mkono umevunjika, gari halipo. Angekuwa Ohio wangemkata asilimia ya kosa lake wakampa iliyobaki, ilimradi kosa lake lisizidi nusu. Na Maryland wamejaa watu wetu, Silver Spring yote ile, wangapi wanajua hili? Mimi ningekuwa huko ningeweka bima kubwa ya kugongana hata kama gari ni la zamani, usitegemee bima ya mwenzako.

#23 DFW_Msukuma
Hodi, nimechelewa, nilikuwa zamu. Huku Texas 30/60/25, tangu 2011 hawajagusa. PIP si lazima ila ajenti lazima akupe ya $2,500, kama huitaki usaini karatasi ya kuikataa. Wengi wetu tumesaini bila kusoma, ni moja kati ya zile karatasi za kwenye simu unapitisha kidole tu. Mkarudi mkaangalie.

Ila mimi bima ya gari hainiumizi kichwa kama ya nyumba. Huku Dallas ni mvua ya mawe. Mnajua mkataba unaandika didaktibo $1,000, unalala usingizi, kumbe chini pameandikwa upepo na mvua ya mawe ni asilimia 2. Asilimia 2 ya nini? Ya thamani ya nyumba iliyokatiwa bima, si ya hasara. Nyumba yangu imekatiwa $380,000, maana yake kabla kampuni haijatoa senti natoa $7,600 yangu.

Ile mvua ilipopiga hapa mtaani, kesho yake asubuhi vijana wa mapaa wamejaa, kila mmoja na ngazi begani. Mmoja akapanda kwangu akiwa na chaki, kila palipo na kidonda kwenye kigae anachora duara, akinipigia picha, paa likawa kama lina ndui. Ananiambia mzee usijali didaktibo tutaimeza sisi. Nikakumbuka jirani kaniambia Texas tangu Septemba 2019 hilo ni kosa la jinai, fundi akikusamehe didaktibo anavunja sheria, na kampuni ya bima inaweza kukudai ushahidi kwamba ulilipa kabla haijakumalizia fedha zako. Nikamwambia shuka. Mkaguzi wa bima alipokuja yeye, katika miduara yote ile alikubali upande mmoja tu wa paa.

#24 LowellMkenya
Msukuma umeweka story mpaka nimeona hiyo ngazi. Lakini paa lililipwa ama halikulipwa?

#25 DFW_Msukuma
Walikata uchakavu kwanza. Paa lilikuwa na miaka 14, wakasema thamani yake imeshuka. Baada ya uchakavu na didaktibo hesabu ikabaki sifuri. Na mwaka uliofuata wakapandisha bei, wanasema ni eneo lote. Sijalipwa hata senti lakini nimepandishiwa.

#26 Shangazi Tampa
Karibu Florida mwanangu uone didaktibo. Ya kimbunga ni fungu lake peke yake, $500, asilimia 2, 5 au 10, unachagua. Ila sisi tuna kitu kimoja cha haki, inahesabiwa kwa mwaka mzima wa kalenda si kila kimbunga. 2024 tulipigwa na Helene Septemba na Milton Oktoba, aliyeimaliza kwa Helene hakuanza upya kwa Milton ilimradi ni kampuni ile ile.

Shida ya Helene ilikuwa nyingine. Maji ya bahari yaliingia ndani ya nyumba za watu, na bima ya nyumba haitambui mafuriko. Si Florida tu, ni majimbo yote. Upepo ukitoboa paa mvua ikaingia kwa juu, wanalipa. Maji yakiingia kwa mlangoni kutoka chini, hawalipi. Jirani zangu walitoa makochi, friji na magodoro nje barabarani, mstari mzima wa mtaa, na bima walikuwa nayo. Bima ya mafuriko ni mpango wa serikali kuu tangu 1968, unaitwa NFIP, mwisho wake $250,000 kwa jengo na $100,000 kwa vyombo, na kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo ukiona kimbunga kwenye TV umeshachelewa.

#27 MsomaMkataba
Houston 2017 wakati wa Harvey ilikuwa hivyo hivyo shangazi, waliofurika wengi hawakuwa na bima ya mafuriko kwa sababu ramani ilisema hawako eneo la hatari, na benki hailazimishi nje ya eneo hilo.

Kwa wageni tu, hakuna jimbo linalokulazimisha kwa sheria kukata bima ya nyumba. Anayekulazimisha ni aliyekukopesha. Ukiacha ikakatika anakununulia yeye kwa nguvu, ghali mno, na inalinda deni lake, vyombo vyako havimo.

#28 Mama Zuhura KY
Ndiyo maana malipo yangu ya nyumba yamepanda? Nina mkopo wa riba isiyobadilika, ghafla wanadai zaidi ya $200 juu kila mwezi. Nilidhani wameniibia.

#29 MsomaMkataba
Mama Zuhura, riba haijabadilika. Ndani ya malipo yale kuna kibubu cha bima na kodi ya nyumba, escrow. Bima ikipanda, kibubu kinapungukiwa, wanakuongezea cha mbele na cha nyuma. Omba karatasi ya mchanganuo wa escrow, kisha tafuta bima nyingine mwenyewe, hawaruhusiwi kukukataza.

#30 kijana_wa_Sacramento
Sasa kama kuna anayetaka jimbo lidhibiti bei, aje California. Tulipiga kura 1988, Proposition 103, kampuni haipandishi bei ya gari wala nyumba bila kibali cha kamishna wa bima, na kamishna huyo tunamchagua wenyewe. Bei ya gari inatazama kwanza rekodi yako, maili unazoendesha na miaka ya uzoefu. Safi sana. Lakini kwenye nyumba kampuni zimeona bei hailingani na moto, zikasema sawa, hatuuzi. Kaka yangu anakaa milimani kuelekea Placerville, barua ilikuja hatukuendelezi. Akaenda FAIR Plan, ule mfuko wa wasio na pa kwenda, bei imepanda na inalipa moto na moshi na vichache tu, mambo mengine kama wizi na bomba kupasuka anakata bima ya pili juu yake. Tetemeko nalo ni bima ya tatu.

#31 DFW_Msukuma
Texas kampuni inapeleka bei mpya na kuanza kuitumia hapo hapo bila kusubiri kibali, na bado ni ghali. Kwa hiyo sio kibali.

#32 Shangazi Tampa
Huku walisema ni mawakili. Desemba 2022 wakabadilisha sheria, ukiishtaki kampuni ya bima ya nyumba ukashinda, gharama za wakili wako hailipi tena. Wakasema bei itashuka. Mimi yangu haijashuka.

#33 LowellMkenya
Shangazi hizo kampuni nazo zina bima yao, zinanunua kwa makampuni makubwa ya Ulaya na Bermuda. Hao wakipandisha kila mtu anapandishiwa. Kimbunga ya Florida unailipia hata ukiwa Kansas.

#34 Binti_Pangani
Hilo la Kansas sikubali moja kwa moja, bei ya jimbo inatakiwa ihesabiwe kwa hasara za jimbo hilo. Kansas wana tonado zao na mvua ya mawe.

#35 Dereva wa Usiku
Rudini kwenye magari. Nani anafanya delivari au Uber? Mkataba wa kawaida unasema ukibeba abiria au chakula kwa malipo hauhusiki. Majimbo mengi ukiwasha apu ya abiria bila kupata mtu unalindwa 50/100/25 tu, ukikubali safari inakuwa milioni. Ya chakula haifuati hivyo, kila apu na lake. Rafiki yangu aligongana akiwa na piza kiti cha nyuma, mkaguzi akapiga picha piza. Klemu ikafa. Kuna nyongeza ya kuweka kwenye bima yako, bei yake si kubwa, ila uliza, si kila kampuni inaiuza kwenye kila jimbo.

#36 Mnyalu614
Wakuu nimesoma yote, asanteni. Nimempigia ajenti, PIP ya $250,000 inaniletea $219, ya $500,000 ni $238. Bima ya kazini nimewauliza wamesema inalipa ajali za gari lakini barua bado hawajanitumia. Nina mke na mtoto mdogo. Papa Uvira kwa $48 tofauti kwa mwezi wewe ungeacha ile isiyo na kikomo?

#37 Papa Uvira
Siwezi kuiacha. Lakini mimi nimeona na macho.

#38 MsomaMkataba
Mimi ningesubiri barua kwanza, na usikubali maneno ya simu. Halafu kumbuka bima ya kazini inakwenda na kazi. Ukiachishwa kazi umebaki na $250,000 peke yake.

#39 LowellMkenya
Mnyalu chukua ya $500,000 uweke hizo $29 kando kila mwezi. Na muulize ajenti wamekuangaliaje credit, mimi bado nasema hapo kuna kitu.

#40 Binti_Pangani
Pia mwambie akupe bei kwa anuani ya Kentwood au Wyoming, ile miji ya hapo hapo jirani, kama bado hujasaini nyumba ya kudumu. Usishangae ikiwa tofauti.

#41 nesi_wa_Brooklyn_Park
Na mke yumo kwenye mkataba? Leseni yake ni ya Ohio, ya Michigan au bado ni ya Tanzania? Hilo nalo linabadilisha bei.

#42 Mnyalu614
Bado ni ya Tanzania dada, ana uzoefu wa miaka mingi wa kuendesha Dar. Ajenti ameandika uzoefu: sifuri. Kuna mtu amewahi kufanikiwa kampuni ikakubali miaka ya nyumbani?